Mzimamoto Aliyekosa Usingizi

Kituoni walimwita Twiga. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa mrefu kupindukia. Akilala, miguu ilining'inia nje ya kitanda. Mkewe alikuwa akisema, "Wenzangu wameolewa na mtu mmoja mmoja. Mimi nimeolewa na mtu na nusu."

Twiga alikuwa askari wa zimamoto, na kazi yake aliipenda. Kila alipoingia zamu, yeye na wenzake walikagua mitungi ya hewa. Walikunjua mipira ya maji, wakaitazama kama imetoboka, wakaikunja tena. Dereva wa gari la zimamoto alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya tarumbeta. Alipoliosha gari lake aliimba, na kila wimbo aliukosea maneno.

"Dada, wimbo huo umeuua," Twiga alimwambia.

"Basi nizikie," Dereva alijibu, akaendelea kuimba.

Twiga akirudi nyumbani, alivua viatu vyake vizito mlangoni. Kitinda mimba wake alivivaa papo hapo, akatembea navyo sebuleni kama bata. Binti yake mkubwa naye aliuliza, "Baba, leo mmezima nini?"

Hapo Twiga alikaa chini na kusimulia. Alisimulia habari za paka aliyekwama juu ya paa. Alisimulia habari za bwana aliyejifungia nje akiwa amevaa taulo tu. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kibarazani. Aliacha kushona ili asikilize. Nyumba nzima ilicheka.

Kisha likaja tukio la ghala la magodoro.

Ilikuwa mchana. Ghala lilikuwa chini, na juu yake kulikuwa na vyumba vya wapangaji. Magodoro yakishika moto hutoa moshi mweusi, mzito kama lami. Twiga na mwenzake walivaa barakoa za hewa, wakapanda kwa ngazi za ndani. Walimtoa mama mmoja na watoto wake wawili, wote wazima.

Twiga alipowakabidhi kwa wahudumu wa afya, aligeuka tena.

"Bado kuna mtu!" alisema. "Nimesikia anagonga mlango!"

Mguu mmoja ulikuwa umeshafika kizingitini. Ndipo mkuu wa kituo alipopaza sauti. "Rudi nyuma! Hakuna kuingia! Ngazi zinaanguka!"

Twiga alisita, akarudi nyuma. Haukupita muda, ngazi za ndani zikaporomoka kwa kishindo. Mzee mmoja, fundi saa aliyepanga chumba cha mwisho, hakutoka hai.

Watu waliojazana barabarani walianza kupiga kelele. "Mmechelewa! Kazi yenu kula mshahara tu!"

Kituoni, kikosi kiliosha mipira na kuianika. Dereva hakuimba. Mkuu wa kituo alivua kofia yake, akaivaa tena. "Kazi yetu ndiyo hii," alisema. "Tuonane zamu ijayo." Basi, yakaishia hapo.

Lakini kwa Twiga hayakuisha.

Usingizi ulimkimbia. Akifumba macho tu, anasikia mlango unagongwa. Akisinzia kidogo, anashtuka amelowa jasho. Chakula kikawa hakina ladha. Akaanza kupita kilabuni na kunywa pombe kidogo, "ili nipate usingizi," alijiambia. Kidogo kikawa kingi. Mteja wa mkewe akigonga mlango, Twiga anaruka kama mtu aliyechomwa sindano.

"Baba, leo mmezima nini?" binti aliuliza, kama kawaida yake.

"Hakuna."

Kesho yake aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Mwisho akaacha kuuliza.

Jioni moja binti alikuwa jikoni akikaanga vitunguu. Mafuta yalipata moto, moshi mdogo ukapanda. Ni jambo la kila siku katika kila nyumba. Twiga alikuwa sebuleni. Aliinuka mbio, akanyakua sufuria, akairusha nje uani. Vitunguu vikatapakaa kila mahali.

"Unataka kutuua?" alifoka. "Unataka kutuua sote?"

Binti alibaki na mwiko mkononi. Kitinda mimba alijificha nyuma ya cherehani. Twiga alitazama kiganja chake. Kilikuwa kimeungua, naye hakuwa amesikia maumivu.

Alikwenda kunawa. Akiwa bafuni, alisikia binti yake akimnong'oneza mama yake.

"Mama, kwani baba anatuchukia?"

Twiga aliacha maji yamwagike. Alishika ukuta kwa mikono miwili. Alitaka kutoka aseme, "Hapana, mwanangu." Hakutoka.

Wiki ile ile kikosi kiliitwa kwenye duka la rangi. Moto haukuwa mkubwa. Twiga alitakiwa apande ngazi ya gari, apige maji dirishani. Alipanda vidato vichache, akaganda. Mikono ilishikilia chuma, haikwenda juu wala haikushuka chini. Mwenzake aliyeshika mpira chini alisubiri, na miali ya moto ilikuwa inamkaribia.

Dereva aliliacha gari lake, akaja hadi chini ya ngazi.

"Twiga, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo Twiga hakuijua kwake. "Nitazame mimi. Teremsha mguu wa kushoto. Ehe. Sasa wa kulia."

Twiga alishuka. Mwenzao mwingine akapanda, moto ukazimwa. Hakuna aliyeumia. Ila wote waliona.

Kituoni, Dereva alimkuta ameketi peke yake nyuma ya gari.

"Ni mafua tu," Twiga aliwahi kusema.

"Mafua ya kugandisha mtu kwenye ngazi? Hayo ni mapya." Dereva aliketi kando yake. "Unalala?"

"Nalala."

"Twiga."

"Silali, dada."

Dereva alitikisa kichwa. "Unaikumbuka ile ajali ya basi, mwaka ulee? Nilikaa ndani ya lile basi na abiria aliyebanwa. Nilimshika mkono mpaka akakata roho. Baadaye kila nikiwasha gari, natazama mikono yangu naona kama si yangu. Nilikuwa nalia chooni, natoka nimenawa uso, nakuja kuwachekesha nyinyi."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Humu ndani ukisema unaogopa, unapewa jina la utani hadi ustaafu." Akacheka kidogo. "Nilikwenda kituo cha afya. Yupo mshauri nasaha pale. Alinisaidia."

Twiga alikunja uso. "Mimi si mwendawazimu, dada."

"Nani kasema wewe mwendawazimu? Mtu akivunjika mguu, anapelekwa kwa daktari. Kwani tunamwita maiti?"

"Watanifukuza kazi."

"Mimi walinifukuza? Si huyu hapa nakukera kila siku? Sikia, Twiga. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Leo umeganda, mwenzetu akapona. Kesho je?"

Twiga aliinuka, akachukua begi lake. Neno lile lilimwingia.

Nyumbani mkewe alikuwa anapinda nguo kwenye cherehani. Twiga aliketi mbele yake. Alimwambia habari za ngazi, kisha za Dereva. Alisema kwa mkato, kama mtu anayetema miiba.

Mkewe aliacha kushona. "Baba watoto, mimi nimeona yote. Naona unavyokaa macho. Naona unavyonusa chakula kabla ya kula. Nilikuwa naogopa kukuuliza."

"Umekuwa ukiniogopa mimi?"

"Nimeolewa na mtu na nusu," mkewe alisema, na machozi yalimlenga. "Siku hizi hata ile nusu siioni. Twende kwa huyo mshauri. Nitakusindikiza mpaka mlangoni."

Chumba cha mshauri nasaha kilikuwa mwisho wa ukumbi wa kituo cha afya. Twiga alidhani atakuta mashine au watu wa kumhoji. Alikuta viti viwili, meza ndogo, jagi la maji na feni iliyolia kwi-kwi-kwi. Mshauri alikuwa mwanamume mpole, mwenye miwani.

"Karibu, kaka," alisema. "Samahani kwa feni. Nayo ina mambo yake moyoni."

Twiga alitabasamu kwa shida.

Mshauri alimweleza mapema utaratibu wa pale. "Utakayosema humu hayatoki. Mkuu wako hataambiwa, wala jirani. Ila nikiona kwamba uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, nitatafuta msaada zaidi, na nitakwambia wewe kwanza. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Siku ile Twiga aliongea habari za mpira wa miguu na joto la jua. Mshauri alimsikiliza, wala hakumkatiza. Siku ya pili pia alianza na mpira. Katikati ya habari ya penalti, alinyamaza.

"Aligonga mlango," alisema.

"Nani?"

Basi yakamwagika. Ghala. Moshi. Mguu wake kizingitini. Mzee fundi saa. Twiga alilia kwa kwikwi, mtu mzima mwenye mabega mapana. Mshauri hakumwambia "nyamaza" wala "jikaze." Alimmiminia maji tu, akangoja.

Kisha akamwuliza, "Kaka, nitakuuliza jambo zito. Umewahi kuwaza kufa, au kujidhuru?"

Twiga alitazama sakafu. "Kuna siku huwaza kwamba afadhali ningebaki mle ndani."

"Ahsante kwa kuniambia. Wengi huwaza hivyo, na wengi hukaa nalo peke yao. Wewe hutakaa nalo peke yako."

Walipanga pamoja. Wazo lile likimjia, Twiga angemwambia mkewe au Dereva saa hiyo hiyo. Kama wasingepatikana, angempigia mshauri simu au angekwenda moja kwa moja kituo cha afya. Siku hiyo hiyo mshauri alimpeleka kwa daktari, chumba cha jirani. Daktari alimpima, akamsikiliza, akamwambia arudi aone maendeleo yake. Mkewe naye aliingizwa chumbani, kwa ridhaa ya Twiga, akaelezwa.

"Lakini nina nini hasa?" Twiga aliuliza.

"Wewe unakijua king'ora cha gari lenu," mshauri alisema. "Na mwili una king'ora chake. Hatari ikija, kinalia. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, usingizi unaondoka. Ndicho kinachokuokoa kazini. Hatari ikiisha, kinatakiwa kinyamaze. Sasa, mtu akipatwa na jambo zito, wakati mwingine kinakwama. Kinalia hata kwa vitunguu."

Twiga aliinua macho. "Hata kwa vitunguu," alirudia.

"Huo si wazimu, wala si udhaifu. Ni jeraha, na linatibika. Wazimamoto hulipata, madereva wa magari ya wagonjwa hulipata, wauguzi pia. Mnaona mambo ambayo wengine hawayaoni hata mara moja maishani."

"Na pombe?"

"Pombe inakulaza, haikupumzishi. Usingizi wake ni wa mkopo. Tuipunguze, na ukiona mwili unakusumbua kwa kuiacha, mwambie daktari, usihangaike peke yako."

Mshauri alimfundisha kupumua. Avute hewa taratibu puani, aitoe taratibu zaidi mdomoni, kama anayepoza chai. King'ora cha ndani kikilia, akanyage sakafu kwa miguu yote miwili na ataje vitu anavyoviona mbele yake: kiti, jagi, feni, dirisha. Hivyo akili hurudi mahali ilipo. Ilikuwa kama mchezo wa watoto. Twiga alifanya kwa aibu. Lakini mabega yake yalishuka.

Siku nyingine waliongea habari za ile amri ya mkuu wa kituo.

"Ungeingia, ingekuwaje?" mshauri aliuliza.

Twiga alifikiri. Feni ililia. "Ngazi zingeniangukia."

"Na mzee?"

"Sikuwa na njia ya kumfikia." Aligeukia dirisha. "Hapakuwa na njia."

"Utaendelea kumhuzunikia, na ni haki yako. Kuhuzunika ni jambo moja. Kujihukumu ni jambo jingine."

Jioni ile Twiga alimwita binti yake kibarazani. Alichuchumaa ili macho yao yalingane, jambo ambalo kwa urefu wake halikuwa dogo.

"Mwanangu, siku ile ya sufuria, nilikosea. Hukufanya kosa lolote. Baba aliona jambo baya kazini, na hofu ya jambo hilo ikamfuata hadi nyumbani. Naenda kwa mtu anayenisaidia. Nisamehe."

Binti alimtazama. "Kwa hiyo hutuchukii?"

"Nyinyi? Nawapenda kuliko macho yangu."

Binti alifikiri kidogo. "Basi kesho ukaange wewe vitunguu."

Na kweli alikaanga. Viliungua kidogo, wakavila hivyo hivyo.

Msione kwamba njia ilikuwa imenyooka. Usingizi uliporudi, Twiga alijiona amepona, akaacha kwenda kwa mshauri. Siku moja fundi bomba aligonga geti kwa nguvu, na Twiga akajikuta amejikunyata chini ya meza. Alirudi kwa mshauri kichwa chini.

"Nimeanguka," alisema.

"Umeteleza," mshauri alimrekebisha. "Na umejua pa kuja. Kaa, kaka."

Ilibaki shida ya kituoni. Kila Jumatano Twiga aliomba ruhusa. Mkuu wa kituo alimkubalia, ila kwa shingo upande.

"Nenda," alisema. "Lakini usiniletee ulaini humu ndani. Moto hauna huruma na mtu laini."

Dereva alilisikia hilo. Alimfuata mkuu ofisini, wakazungumza mlango umefungwa. Kwa sauti yake ya tarumbeta, hata mlango haukusaidia. Kila mtu alimsikia akisema, "Afande, mpira ukitoboka tunauziba. Mtu je?"

Mkuu alikubali, na mshauri akaletwa kituoni. Alizungumza na kikosi kizima habari za msongo wa mawazo na dalili zake: kukosa usingizi, hasira za ghafla, kujitenga, kushtuka ovyo, kunywa kupita kiasi. Mkuu alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani. Mwishowe walikubaliana jambo moja. Baada ya kila tukio zito watakaa pamoja kwa chai kabla ya kwenda nyumbani. Anayetaka kusema, aseme. Asiyetaka, asilazimishwe. Hakuna kuchekana, na yanayosemwa hapo yabaki hapo.

Mara za mwanzo walikunywa chai tu, wakatazamana.

Kisha karakana ya seremala ikashika moto. Kikosi kilipofika, seremala mwenyewe alikuwa amekwama darini, akipunga shati dirishani. Twiga alikimbilia ngazi ya gari. Aliposhika chuma, mikono ilianza kutetemeka. Alikanyaga kidato kwa uzito wote. Alitoa pumzi taratibu. Ngazi. Dirisha. Shati la bluu. Mtu.

Akapanda.

Alimshika seremala kiunoni, akamteremsha kidato kwa kidato. Seremala alikohoa, akacheka, akalia, vyote kwa pamoja. Kule chini watu walipiga makofi.

Kituoni waliosha mipira, wakaianika, wakakaa kwa chai. Twiga aliweka kikombe chini.

"Leo niliogopa," alisema. "Mikono ilinitetemeka pale kwenye ngazi. Nilidhani nitaganda tena."

Hakuna aliyecheka.

Mwenzake aliyeshika mpira alisafisha koo. "Mimi tangu lile ghala, nikinusa godoro jipya natapika. Mke wangu hajui kwa nini tunalalia mkeka."

Mwingine akasema lake. Dereva akasema lake, kwa sauti ndogo. Kisha mkuu wa kituo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavuta kiti. Alikaa. Aligeuza kikombe chake mkononi.

"Amri ya siku ile niliitoa mimi," alisema. "Nilimsikia Twiga akisema kuna mtu. Nilisikia vizuri. Nikasema hakuna kuingia." Aliweka kikombe mezani. "Tangu siku ile najiuliza, mimi ni nani hata nikachagua nani aokolewe."

Wote waliinamisha macho, si kwa aibu, bali kwa heshima.

"Afande," Twiga alisema. "Kama si ile amri, watoto wangu wasingekuwa na baba. Sijawahi kukwambia ahsante. Ahsante, afande."

Mkuu aliitikia kwa kichwa.

Walipotawanyika, Twiga alikwenda kuchukua begi lake. Alisikia hatua nyuma yake. Mkuu wa kituo alitazama huku, akatazama kule.

"Huyo mshauri wako," alisema polepole, "huanza saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, afande. Ila uwahi. Siku hizi foleni ni ndefu."

Mkuu alikuna kidevu. Alionekana ghafla kama mtu aliyechoka kwa miaka mingi.

"Nisindikize," alisema.

"Jumatano nitakuja kukuchukua nyumbani, afande," Twiga alijibu. Wakatoka pamoja, wakifuata njia moja.